Hapa Hatushoni Suruali za Msumeno

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao,
S.L.P. 416.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa wifi yangu mkubwa,

Shikamoo. Itikia kabisa kabla hujaendelea, maana barua hii ni ndefu na sitaki marahaba yangu isahaulike njiani.

U hali gani huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Mara ya mwisho uliniambia kwamba kitu kikianguka chini unakitazama kwanza, unafikiria kama kinastahili kuokotwa. Nilicheka, nikakuonea huruma, halafu nikacheka tena. Kama bado unauma, acha kubeba ndoo mbili kwa mpigo kama mtu anayeshindana na jirani. Bwana'ko hajambo? Na wanao, wanaendelea kurefuka? Nitumie vipimo vyao, lakini safari hii uwapime kwa tepu, usiwapime kwa macho. Zile sketi za mwaka jana ungeweza kuwavisha wanasesere.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anayasahau na kuanza kutusumbua sisi. Baba ni yuleyule, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili redio. Kitindamimba wangu ameota meno mawili na anayatumia vibaya. Cherehani nimeibadilishia mkanda, sasa inakwenda bila kelele.

Na mdogo wako, mume wangu, ana miguu miwili, wifi. Yote mizima. Hivi ninavyoandika ameinyoosha juu ya kiti cha wateja wangu, kiti nilichomkataza mara mia asikikalie na viatu. Nimekuwekea habari hiyo mbele kwa makusudi, kwa sababu yanayofuata yana msumeno ndani yake na moyo wako naujua. Wewe ndiye uliyemfunga Baba paja kwa shuka siku ile alipokatwa na msumeno akaletwa kutoka msituni amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Mimi nilikuwa sijaolewa katika nyumba hii, lakini hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nami nilishika ncha moja ya shuka. Basi soma kwa utulivu. Mwisho wake ni mzuri, nami nakuandikia kifua mbele.

Kwanza lakini nina dhambi ya kuungama, na ni juu ya zawadi yako.

Ile suruali ya msumeno uliyotutumia mwaka juzi, yenye rangi ya chungwa na uzito wa godoro, ilifika salama kama nilivyokujulisha. Nisichokwambia ni kwamba mdogo wako hakuipenda. Alisema ni gunia. Alisema wenzake watamuuliza anakwenda kukata miti au kuzima moto. Kila asubuhi nilimvalisha kwa maneno, na wewe unajua maneno yangu. Alivaa ili apate amani.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu alirudi nayo imechanika mbele ya paja la kushoto. Si msumeno, ni kijiti tu cha kisiki kilichomnasa. Tundu lenyewe dogo, linaingia vidole viwili, lakini ndani yake zilikuwa zinachungulia nyuzi nyeupe, ndefu, laini, zimekaa ovyo ovyo tabaka juu ya tabaka. Nilipoziona nikasikitika. Nikasema moyoni, hawa wanaosifiwa kuwa mafundi hodari wa kiwandani, ndani ya nguo yao mambo ni vurugu hivi? Hata bitana hawakuishika vizuri?

Wifi, nikaikalia suruali ile siku nzima. Nilitia sindano nene ya jinzi na uzi wa kushonea viatu. Zile nyuzi nikazirudisha ndani, nikazilaza, nikazibana. Nikapiga mistari ya cherehani kutoka kiunoni hadi gotini, mstari kando ya mstari, nafasi ya unene wa kidole, zikatulia kimya kama watoto wa shule mbele ya mwalimu mkuu. Paja lile la kushoto likawa gumu, bapa, limenyooka. Jioni yake giza likaniwahi, nikasema paja la kulia nitalimalizia siku nyingine. Na kuna kilebo kilichokuwa kinamwasha kiunoni, kimejaa maandishi madogo na vipicha vilivyopigwa msalaba. Nikakikata nikakitupa.

Alipoivaa alitembea uani kama askari wa gwaride. Mama akapiga vigelegele. Jirani akaniuliza kama naweza kumtengenezea mumewe koti la namna ile. Mimi nikavimba kichwa, wifi, nikajiona fundi wa mafundi. Miezi mitatu mdogo wako, mtarajiwa wa jeneza, akawa anaingia msituni na kazi yangu mapajani, na mimi nalala usingizi wa raha. Nikikumbuka sasa jasho linanitoka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mfupi ambaye kiwanda kilimleta mwezi wa tano kuwafunza wakata miti kwa siku tatu. Jina lake halisi aliliandika ubaoni siku ya kwanza, likafutwa mchana, wakambatiza Bwana Zima. Sababu ni kwamba neno lake kubwa lilikuwa hilo. Unataka kugeuka uzungumze na mwenzako? Zima. Unahama kutoka mti huu kwenda ule? Zima, au angalau vuta breki ya mnyororo. Unakuna pua? Zima. Wakata miti wetu, ambao kwao kuzima msumeno kabla mti haujaanguka ni sawa na kuomba ruhusa ya kwenda kwa mama, walimcheka mpaka chakula cha mchana.

Mchana wake akakagua vifaa. Aliwapanga wote wanane uwanjani na kupita kwa kila mmoja. Kofia ngumu zilizopasuka akaziweka kando. Msumeno usio na breki akaukalia, akakataa kuinuka. Alipofika kwa mdogo wako alifurahi, kwa sababu kati ya wanane ndiye pekee aliyevaa suruali ya kweli. Wengine walivaa kaki za kiwanda ambazo pia nazishona mimi. Akainama, akapitisha kiganja juu ya paja. Kiganja kikasimama. Akauliza ni nani aliyeshona hapa, na mdogo wako, masikini, akamjibu kwa fahari kwamba ni mkewe. Bwana Zima akaomba niitwe.

Nilikwenda na tepu yangu shingoni. Ndiyo, wifi, cheka. Nilidhani naitiwa kazi.

Baba alikuwa amekwisha fika, amekaa juu ya rundo la mbao; tangu waimalize miti ya karibu, kelele za msumeno ni nadra, na akizisikia hufuata. Bwana Zima alinisalimia kwa adabu, akanipa kiti, akamwomba mdogo wako avue ile suruali na kuvaa nyingine. Kisha akatwaa magogo mawili ya unene wa paja, akayavisha suruali, gogo moja kila mguu, akayafunga juu ya vigingi. Nikafikiri mzee huyu ana wazimu. Akavaa kofia yake, miwani, vikinga masikio na glavu, akawasogeza watu wote mbali, akawasha msumeno.

Alianza na mguu wa kulia, ambao sikuugusa. Aliuendesha msumeno kwa kasi yote na kuushusha juu ya paja. Wifi, sijui nikuelezeje. Ulilia, ukakohoa, ukanyamaza. Ni muda wa kupepesa jicho. Zile nyuzi nyeupe zilichomoka kwa mafungu, zikafuata mnyororo, zikajisokota kwenye gia inayouzungusha mpaka mnyororo ukakwama. Gogo la ndani tulilitazama sote. Hata gome halikukwaruzika.

Ilimchukua muda kufungua kifuniko na kuzitoa nyuzi moja moja. Akawasha tena, akaenda mguu wa kushoto, mguu wangu.

Haukukohoa. Ulipita juu ya ile mistari yangu mizuri kama mkasi wangu unavyopita kwenye khanga, ukaingia ndani ya gogo, unga mweupe wa mti ukaruka. Kisha akazima. Bwana Zima akanigeukia, hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia.

"Mama, hizi nyuzi zinaokoa kwa sababu ziko huru," akaniambia. "Zinatakiwa zivutwe. Wewe umezifunga. Umeshona vizuri mno."

Miaka kumi na tisa nipo mbele ya cherehani na hakuna mtu aliyepata kunilaumu kwa kushona vizuri. Wanasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi wangu niliuona kwa macho, kipande cha mti chenyewe kimekatwa. Kile kilebo nilichokitupa, kumbe kimojawapo cha vile vipicha kilikuwa cherehani imepigwa msalaba. Mimi nilidhani wanatuambia tusipige pasi.

Baba aliomba kuinuliwa. Alitembea mpaka kwenye gogo, akaingiza vidole vyake vitatu katika ule mfereji, vikazama. Akavitoa, akavitazama, akaweka mkono juu ya paja lake lenye kovu.

"Hapa ndipo pangu," akasema. Halafu akarudi kuketi.

Usiku huo sitakusimulia. Ulikuwa wa kulia tu. Ila asubuhi nilikuwa na akili zangu zote, na mdogo wako hakuwa na zake. Suruali imekwisha, mguu mmoja umekatwa na mwingine umefumuka, na yeye anavaa kaki aende kazini. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema Baba alikata miti miaka ishirini na kaki. Nikamwambia ndiyo, na mwaka wa ishirini na moja akaletwa juu ya mlango. Akaniambia mambo ya wanaume niwaachie wanaume. Basi nikamwachia. Lakini plagi ya msumeno wake, ile ya kuwashia injini, ilikuwa tayari imo ndani ya kopo langu la vifungo, chini kabisa, pamoja na vile vya makoti.

Alivuta kamba ya msumeno ule mpaka bega likamlegea. Akafungua, akakuta tundu. Wifi, nyumba haikutosha. Siku tatu alizunguka akipekua, hata ndani ya unga alipekua, na kopo la vifungo alilisogeza mwenyewe mara mbili kupata nafasi. Hatukuzungumza ila kupitia kwa watoto. Mwisho alikwenda kunishtaki kwa Baba, na Baba akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni, akamwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba katika nyumba hii mkuu kwa sasa ni mwenye plagi.

Lakini kuficha plagi si dawa. Mtu hawezi kukaa nyumbani maisha yake yote, na wale wengine saba je? Nao wana wake, nao wana mama. Nilikaa nikafikiri. Kila mwaka mwezi wa sita kiwanda hunipa kazi ya kushona sare za wakata miti na wapanga mbao, na hiyo ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote. Ndiyo iliyonunua cherehani ya pili. Nilijua ninachotaka kukifanya na nilijua kitaniuma.

Siku ya nne nikalitwaa lile gogo la mguu wa kushoto, likiwa bado limevaa aibu yangu, nikajitwika kichwani. Nikapita nalo barabarani, nikapita getini, mlinzi akaniuliza kama napeleka kuni kwa meneja. Nikaingia ofisini na kulitua mezani juu ya karatasi zake. Meneja alirudisha kiti nyuma. Nikamwomba aingize vidole kwenye ule mfereji. Aliingiza, kwa sababu nilisimama pale mpaka akaingiza.

"Mwaka huu usinipe kazi ya sare za wakata miti," nikamwambia. "Zile kaki zangu hazizuii hata mwiba. Kazi hiyo niondolee, uwanunulie suruali za kweli. Na za kweli mimi siwezi kuzishona."

Meneja akaniambia atalifikiria, nami nikamwambia sawa, gogo nakuachia likusaidie kufikiri. Nasikia lilikaa mezani kwake wiki nzima na kila mgeni alilazimika kulisogeza ili aweke kikombe. Wakata miti nao, waliokuwa wananinung'unikia kwa kuwaharibia mambo, wakaona haya kuingia msituni huku mwanamke amewasemea. Wakagoma kistaarabu: wakanoa minyororo, wakapanga mbao, wakafagia uwanja ambao haujafagiliwa tangu kiwanda kijengwe. Mnyororo mkali, anasema Bwana Zima, ni salama kuliko mnyororo butu, kwa sababu butu humlazimisha mtu kusukuma, na anayesukuma huteleza.

Wiki ya tatu suruali zikafika. Nane, mpya, za rangi ya chungwa, kila moja na kilebo chake. Plagi nikaitoa kwenye kopo, nikaifuta kwa kitambaa, nikamkabidhi mdogo wako mbele ya Mama. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea cheti.

Sasa hivi ndiye mhubiri wao mkubwa, wifi. Hapa nyumbani hatuli mpaka tusikie somo. Usikate kwa ncha ya ulimi, yaani kona ya juu ya lile bapa refu linalobeba mnyororo, kwa sababu ikigusa mti msumeno hupiga teke na kukurudia usoni. Mikono yote miwili, na dole gumba lizunguke mshikio, lisilale juu yake. Usiinue msumeno kupita bega. Kabla ya mti, safisha kwanza njia yako ya kukimbilia, nyuma na upande, na mtu yeyote asikaribie ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Usifanye kazi peke yako. Ukichoka, zima. Juzi Mama alikuwa anakata vitunguu akageuka kuzungumza na mtu, na kitindamimba wangu, ambaye hajui hata kusema maji, akamwambia "dhima".

Na wale wakata miti, hawakosi visa. Suruali zilipofika, mmoja alinijia nimpunguzie kiuno mpaka chini, mwingine nimbane mapaja apendeze, wa tatu ametoboa yake kwa sigara na anataka kiraka kidogo tu, shemeji, hakuna atakayejua. Niliwafukuza wote. Nikachukua kipande cha mbao, nikaandika kwa rangi nyekundu na kukitundika mlangoni: HAPA HATUSHONI SURUALI ZA MSUMENO. Wapita njia wanashangaa fundi anayetangaza asichokishona. Mimi kila nikifungua mlango asubuhi nakisoma tena, nafurahi.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi iliyopita. Shika kitu.

Walikuwa wanaondoa mti ulioegemea ukuta wa zahanati. Kuuangusha waliuangusha vizuri, ukalala pale pale walipopachagua. Mdogo wako akawa anaondoa matawi. Lilikuwa limebaki tawi moja, la chini, lililobanwa na uzito wa shina na kujikunja kama upinde. Yeye mwenyewe anakiri kwamba alikuwa amechoka, kwamba alisema moyoni nimalize hili moja tu ndiyo nizime, na kwamba alisimama upande usiotakiwa. Alipoligusa, tawi likafyatuka, likausukuma msumeno, nao ukamjia kwenye paja. Paja la kushoto, wifi. Lile lile la Baba.

Mimi nilikuwa napinda shingo ya gauni la bibi harusi. Muuza mkaa akaja anakimbia, akasimama mlangoni chini ya kibao changu, akasema msumeno umempitia mumeo. Basi, hakuongeza neno. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka barabara inapita chini yangu, na nakumbuka nilikuwa natafuta mlango kwa macho, mlango wa kulazia mtu, nikitazama nyumba za watu ni upi utakaong'oka haraka.

Kwenye kona ya kiwanda nikakutana nao. Walikuwa wanakuja wote wanane katikati ya barabara, na aliyekuwa mbele, kwa miguu yake, ni mume wangu. Mbele ya paja lake suruali ilikuwa imefumuka na nyuzi nyeupe zinaning'inia mpaka gotini kama pamba iliyochambuliwa. Mwenzake alibeba msumeno, umezibwa na nyuzi, kimya. Wengine walikuwa wanapiga kofia zao kwa viganja na kuimba wimbo usio na maneno. Nikataka kusema, nikashindwa, nikadhani ni mshtuko; kumbe nina pini nne midomoni, nimekimbia nazo njia nzima. Mdogo wako akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola yangu, ndipo nikaweza kulia.

Tulipofika nyumbani Baba alimwamuru avue palepale uani, wageni watazame kando. Kulikuwa na alama ya bluu, ndefu kama kiganja. Hakuna damu. Hata tone. Baba akainama kwa shida, akapitisha mkono juu ya paja la mwanawe kutoka juu hadi chini, akarudia. Nilijiandaa kumwona analia. Badala yake akaanza kucheka, wifi, kicheko ambacho sijakisikia katika miaka yote niliyokaa hapa, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka na Mama akaja kumshika, naye Mama akaambukizwa. Tukacheka uani watu wazima kumi na wawili na mtu mmoja amesimama na chupi.

Usidhani tumelewa ushindi. Bwana Zima aliposikia alituma ujumbe kwamba suruali ni mlango wa mwisho, na mwenye akili hamfikishi mwizi mlango wa mwisho. Mdogo wako amekaa siku tatu bila kushika msumeno, kwa hiari yake, na kesho atasimama mbele ya wenzake awaeleze kosa lake la lile tawi, hatua kwa hatua. Suruali yenyewe ikishagongwa mara moja imekwisha kazi. Meneja ameshampa nyingine bila kuandikiwa barua. Hii ya zamani wakata miti waliniletea kwa mzaha, wakaitandika juu ya cherehani yangu na kuniuliza nitachukua siku ngapi. Nikawaonyesha kibao.

Kwa hiyo nisamehe, wifi yangu. Zawadi yako niliiharibu kwa mikono hii hii, nikaificha aibu hiyo miezi yote ukiniuliza kwenye simu kama suruali bado inavaliwa nami nikikujibu inavaliwa. Ni kweli kwamba bila wewe tusingejua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani. Wanaume wanane sasa wanakivaa.

Msalimie sana bwana'ko, mwambie shemeji yake bado anadai ile picha ya familia. Wabusu wanao. Baba anakusalimu na anasema huu mwaka uje, msitu hauna tena kitu cha kukutisha. Mama anakusalimu, anataka dawa ya magoti ile ya kupaka, si ya kumeza. Watoto wanamsalimu Shangazi. Mdogo wako anakusalimu kwa miguu yote miwili. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na akulipe kwa kila usiku uliokosa usingizi kwa ajili yetu.

Katika bahasha hii, ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, nimekuwekea uzi mmoja mweupe. Niliuchomoa mwenyewe kwenye ule mnyororo siku ya Alhamisi. Unyooshe uone ulivyo mrefu, na ukiwa umeushika ujue kwamba kati ya chuma na ngozi ya mdogo wako kulikuwa na huo.

Wifi yako akupendaye,
Fundi cherehani wako.